Kuongeza Kumbukumbu ya Kompyuta Nyumbani

Katika maduka ya Kariakoo mjini Dar es Salaam, kama katika yale ya Barabara ya Luthuli mjini Nairobi, kompyuta mpakato zilizokwisha tumika ughaibuni huuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi, mwalimu na mfanyabiashara mdogo wanaimudu. Walakini aghalabu haipiti miezi mingi kabla mnunuzi hajaanza kulalamika kwamba chombo chake kimekuwa kizito, na kwa kushauriwa na watu wenye haraka akaanza kutafuta fedha za kununua kingine. Rai yangu ni kwamba mara nyingi fedha hizo zingeweza kubaki mfukoni, maadamu kinachokosekana si kompyuta mpya bali kumbukumbu, ile ambayo mafundi na wauzaji wote huiita RAM. Nayo ni kiungo ambacho mtu mtulivu, mwenye bisibisi ndogo na nafasi ya kutosha mezani, aweza kukiongeza mwenyewe bila taklifu kubwa.

RAM si ghala la picha na nyaraka, kwani hiyo ni kazi ya diski. Ni kama meza ya kukatia ya fundi cherehani: kitambaa kinachoshonwa sasa hutandazwa juu yake, na meza ikiwa finyu fundi hulazimika kila mara kuinuka, kukunja hiki, kukirudisha sandukuni na kutoa kile, hata siku ikaisha kwa kuinuka na kuketi. Kompyuta nayo, RAM yake ikijaa, huhamishia diskini sehemu ya kazi iliyo wazi na kuirejesha inapohitajika. Na kwa kuwa diski ni nzito kuliko RAM kwa kiasi kikubwa mno, mtumiaji hubaki akitazama kioo kisichojibu.

Asili ya kumbukumbu tunayoitumia leo ni kazi ya Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Tadbiri yake ilikuwa sahali na ya ajabu: kila biti ya habari iwekwe kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita inayolindwa na transista moja tu. Chaji hiyo huvuja, hivyo kila chembe ya kumbukumbu hutiwa nguvu upya ndani ya kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde. Na ndiyo sababu umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea, ilhali iliyomo diskini husalimika.

Kabla ya kununua chochote, pata ithibati kwamba RAM ndiyo yenye upungufu. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha ufungue ukurasa wa Performance na kuchagua Memory, huku programu zako za kila siku zikiwa wazi. Ikiwa kipimo hakishuki chini ya asilimia 85 au 90, dawa ni kuongeza. Lakini ikiwa nusu ya RAM i tupu na chombo bado kinajikokota, tazama diski: ile ya zamani inayozunguka ndiyo yenye lawama, na fedha yako iende kwenye SSD kwanza. Ukurasa huohuo huonyesha kasi ya RAM iliyomo, na sloti ngapi zinatumika kati ya zilizopo.

Sasa tufike penye hasara nyingi, yaani kununua isiyofaa. Kibao cha RAM cha kompyuta mpakato, ambacho urefu wake hata sentimita 7 haufiki, kikiwa cha aina ya DDR3 kina meno 204, cha DDR4 kina 260, na cha DDR5 kina 262. Na pengo lililo katikati ya meno hayo limewekwa mahali mbalimbali, makusudi kwamba aina moja isiingie katika sloti ya nyingine. Illa kuna mtego mmoja ambao pengo halikuokoi nao. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35, lakini umbo lao ni moja. Kwa hiyo kompyuta iliyotengenezewa DDR3L peke yake, kama zilivyo zile za kizazi cha nne cha Intel, hupokea kibao kile cha kawaida vizuri kabisa, kisha ikakataa kuwaka. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake: PC3L ni ile ya volti ndogo, PC3 ni ya kawaida, na PC4 ni DDR4.

Jina kamili la kompyuta nalo lisomwe hadi herufi ya mwisho. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo sasa ni nyingi katika soko la mtumba, ina sloti mbili. Ndugu yake T480s, kwa herufi hiyo moja tu, ana sloti moja, na sehemu nyingine ya RAM yake imelehemiwa kwenye bodi kuu. Na katika X1 Carbon RAM yote imelehemiwa, hakuna cha kuongeza. Nasikitika kila nionapo watengenezaji wakizidi kufuata njia hiyo ya mwisho, kwa sababu mwenye mali huondolewa haki ya kukitengeneza chombo alichokilipia.

Tuseme una T480 yenye kibao kimoja cha GB 8. Ongeza kingine cha GB 8 na cha kasi ileile, kwani viwili vilivyo sawa hufanya kazi sambamba, na vikitofautiana kasi vyote hufuata kilicho kizito. Washa kompyuta, bonyeza F1 alama ya mtengenezaji inapotokea, ingia Config, kisha Power, uchague Disable Built-in Battery. Chombo kitajizima, na betri ya ndani haitatoa umeme tena mpaka utakapochomeka chaja. Toa betri ya nje, legeza skrubu, na ubandue kifuniko kwa kadi ya plastiki, kisu kisikaribie. Gusa kwanza chuma kitupu, kama nondo za dirisha, ili umeme tuli uliomo mwilini ukutoke. Hadhari hii ina uzito zaidi Dodoma wakati wa kiangazi kuliko Tanga au Mombasa, ambako unyevu wa hewa huupunguza.

Shika kibao kwa kingo zake, linganisha pengo, na ukiingize kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yakaribie kutoweka, kisha kikandamize kilale, vishikizo viwili vya chuma vya pembeni vikidake kwa mlio mdogo. Upande mmoja ukiwa umejitokeza kuliko mwingine, hakijaingia: sukuma vishikizo nje kwa vidole gumba, kitainuka chenyewe, nawe uanze upya bila kutumia nguvu.

Rudisha kifuniko, chomeka chaja, uwashe. Mara ya kwanza kioo chaweza kubaki cheusi kwa muda usio wa kawaida, chombo kikiipima kumbukumbu yake mpya, basi usiharakishe kukizima. Kisipowaka kabisa, kijaribu kwa kibao kimoja kimoja. Kikiwaka, huenda ukaona GB 15 na ushei badala ya 16 kamili. Muuzaji hakukupunja, kwani sehemu hiyo imetengwa kwa ajili ya picha za kioo. Usiku huo iache programu ya MemTest86 ipime hadi asubuhi, na ikionyesha kosa hata moja, kirudishe kibao dukani, ambako inafaa uwe umekwisha patana na muuzaji juu ya jambo hilo kabla hujalipa.