Quedlinburg: Mji wa Miti na Udongo Uliookolewa na Ukata

Wengi wetu tukilisikia jina la Ujerumani huwaza mitambo, magari na viwanda vya chuma. Na sisi wa Tanzania huongeza boma, kiboko na Vita vya Maji Maji. Ni nadra mtu kuwaza nyumba ya miti iliyokandikwa kwa udongo. Hata hivyo, uko mji mmoja mdogo karibu na katikati ya nchi hiyo, chini ya milima ya Harz upande wa kaskazini, wenye nyumba za namna hiyo zaidi ya 1,300. Nazo si za maonyesho tu. Watu wamo ndani yake, wanapika, wanalea watoto na kugombana na jirani. Mji huo ni Quedlinburg, nasi tuutamke Kvedlinburg. Kutoka Berlin msafiri huufikia kwa treni kupitia Magdeburg, kwa muda wa saa tatu hivi.

Tuanze na ujenzi wenyewe. Seremala husimamisha kwanza kiunzi cha mihimili minene, akaishikamanisha kwa vigingi vya mti. Mapengo yaliyobaki hujazwa fito, na fito zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha zikapakwa chokaa. Fundi wa Rufiji au wa Pangani angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Tofauti ni kwamba kiunzi hiki hubeba ghorofa mbili au tatu, na kila ghorofa hujitokeza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, hata katika vichochoro vyembamba mapaa ya pande mbili hukaribia kugusana. Juu ya mihimili pamechongwa nyota na maua, na pengine mwaka wa ujenzi na jina la mwenye nyumba. Nenda kwanza katika kichochoro cha Wordgasse ukaione nyumba moja ya karne ya 14, ambayo leo ni makumbusho ya ufundi huo. Watu walikuwa wakikaa humo mpaka miaka ya 1960.

Je, mji mzima wa miti umewezaje kudumu hivyo katika nchi iliyopigwa mabomu kama Ujerumani? Jibu la kwanza ni bahati. Majeshi ya Marekani yalipoingia mwezi wa Aprili 1945 mji haukuteketezwa. Jibu la pili ni ukata, na hapa inafaa tutulie kidogo.

Baada ya vita Quedlinburg ilikuwa katika Ujerumani Mashariki. Serikali ya huko ilikuwa na shabaha ya kumpa kila mfanyakazi nyumba yenye maji ya moto na choo cha ndani, na njia iliyochaguliwa ilikuwa majumba ya zege. Sisi hatuna haja ya kusimuliwa habari za majumba hayo, maana wataalamu wa nchi hiyo hiyo ndio waliojenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni, Unguja, na kushiriki kupanga mji mpya wa Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa fikira hizo, katika miaka ya 1960 palikuwa na mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya mji wa kale wa Quedlinburg na kusimamisha zege mahali pake. Mpango haukutekelezwa kwa sababu fedha hazikupatikana.

Lakini tusiusifu ukata kupita kiasi. Ukata uliliondoa katapila, ukaikabidhi nyumba kwa mvua. Mapaa yalivuja, mihimili ikaoza, familia zikahamia katika zege (na nani angemlaumu mama aliyechoka kubeba ndoo za makaa ngazini?), na nyumba nyingi zikabaki tupu. Sehemu fulani za mji zilibomolewa. Katika miaka ya 1980 mafundi waliobobea katika ukarabati waliletwa kutoka Poland ili kunusuru kilichoweza kunusuriwa. Mwaka 1989 utawala ulipobadilika, hali ya nyumba nyingi ilikuwa ya kusikitisha. Baada ya nchi kuungana mwaka 1990 ndipo fedha zilipoanza kuingia, na mwaka 1994 UNESCO ikauandika mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Kwa hiyo Mtanzania atembeaye katika vichochoro vya Quedlinburg, akiona nyumba moja imepakwa rangi mpya na ya pili yake imeegemezwa magogo ili isianguke, hatakosa kujua anachokitazama.

Sasa tupande mlimani. Juu ya jabali lililo ubavuni mwa mji limesimama kanisa kuu la Mtakatifu Servatius, pamoja na ngome yake. Humo alizikwa mfalme Heinrich wa Kwanza mwaka 936, na mwaka huo huo mjane wake, Mathilde, akaanzisha hapo nyumba ya mabinti wa kikabaila waliojitenga kwa sala na elimu. Mama mkuu wa nyumba hiyo hakuwa mtu wa sala tu. Alikuwa mtawala wa mji, mwenye kutoza kodi na kuamua kesi. Utawala huo wa wanawake ulidumu zaidi ya miaka 860, hadi mwanzo wa karne ya 19. Lakini usidhani kuwa walikuwa wapole kwa sababu walikuwa wanawake. Mwaka 1477 wenyeji walipotaka kujitawala, mama mkuu Hedwig aliwaita kaka zake, watawala wa Saksonia, na askari wao wakauvunja upinzani. Sanamu ya Roland, alama ya uhuru wa mji, iliangushwa, nayo haikusimamishwa tena mpaka 1869. Leo iko kando ya jengo la baraza la mji, pale sokoni. Kabaila ni kabaila, awe wa kiume au wa kike.

Mwanamke ambaye mwandishi wa makala hii angependa mabinti zetu wamjue hakukaa ngomeni. Ni Dorothea Erxleben, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1715, binti wa daktari. Baba yake alimfundisha uganga wa kisasa wa wakati ule nyumbani, kwa kuwa vyuo vikuu havikupokea wanawake. Alimwomba mfalme wa Prussia ruhusa ya kufanya mtihani, akaipata. Lakini kwanza aliolewa na mjane mwenye watoto watano, akazaa wengine wanne, huku akitibu wagonjwa. Madaktari wa mji walimshitaki kuwa anatibu bila cheti. Mwaka 1754 alikwenda Chuo Kikuu cha Halle, akafanya mtihani, akafaulu, akawa mwanamke wa kwanza wa Ujerumani kupata shahada ya udaktari. Alirudi akaendelea na wagonjwa wake hadi alipofariki mwaka 1762.

Ndani ya kanisa kuna jambo jingine la kutazamwa kwa makini. Mwaka 1936 Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, alifanya sherehe ya miaka elfu ya kifo cha mfalme Heinrich, na baadaye SS wakalitwaa kanisa na kuifukuza ibada. Vita vilipopamba moto, hazina ya kanisa, yaani misahafu yenye majalada ya dhahabu na vito, makasha ya pembe za ndovu na vyombo vya fuwele, ilifichwa pangoni nje ya mji. Mwaka 1945 luteni mmoja wa jeshi la Marekani alichukua baadhi ya vitu hivyo akavituma kwao Texas kwa posta ya jeshi, kama mtu apelekaye barua. Vilikaa huko zaidi ya miaka 40. Baada ya kifo chake warithi walijaribu kuviuza, siri ikafichuka, kesi ikafunguliwa, na mwishowe Ujerumani ikalipa karibu dola milioni 3 ili irudishiwe mali yake. Tangu 1993 vimo tena kanisani, nyuma ya kioo. Wajerumani wa Quedlinburg, basi, wanajua vizuri uchungu wa kuona mali ya mababu ikikaa ughaibuni. Mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, ingali katika makumbusho ya Berlin.

Baada ya historia, miguu nayo inadai haki yake. Treni ya dakika chache itakufikisha Thale, mahali ambapo mto Bode unatoka milimani kwa kupasua genge refu la mawe. Njia ya miguu hufuata mto huo mpaka kijiji cha Treseburg, kilometa kama 10, mwendo wa nusu siku kwa familia yenye watoto wasiolia ovyo. Juu ya genge kuna majabali mawili yanayotazamana, Hexentanzplatz na Rosstrappe. Wenyeji husimulia kuwa binti mfalme Brunhilde, akimkimbia jitu lililotaka kumwoa kwa nguvu, aliruka na farasi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na shimo lililo katika mwamba wa Rosstrappe ni alama ya ukwato. Asiyeweza kupanda atabebwa na kiberenge cha kamba ya angani, akilipa.

Kati ya Thale na Quedlinburg utaona pia Teufelsmauer, yaani Ukuta wa Shetani, safu ya mawe ya mchanga iliyosimama shambani kama magofu. Watu wa zamani walianza kuyavunja kwa ajili ya kujengea, mpaka katikati ya karne ya 19 wakuu wa wilaya wakapiga marufuku. Kuyatembelea hakuna kiingilio, jambo ambalo mfanyakazi wa popote atalipenda.

Kwa mpenda reli kuna raha ya pekee. Reli nyembamba za Harz zina urefu wa kilometa 140 na upana wa mita moja kamili, upana ule ule wa Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliijenga kwa jasho la wazee wetu hadi Kigoma mwaka 1914. Baadhi ya magari yake yangali yanavutwa na injini za mvuke. Kutoka Quedlinburg reli hufuata bonde la mto Selke. Na kutoka Wernigerode, mji jirani, gari moshi hupanda hadi kilele cha Brocken chenye kimo cha mita 1,141. Nauli ya Brocken ni kubwa. Afadhali kufika kijiji cha Schierke na kumalizia kwa miguu. Kilele hicho kilifungiwa raia kuanzia 1961 kwa kuwa kilikuwa mpakani, kikawekwa mitambo ya kunasa mawasiliano ya upande wa pili. Tarehe 3 Desemba 1989 wananchi walipanda kwa maandamano wakadai mlango ufunguliwe, nao ukafunguliwa. Usitegemee kuona mbali: siku kama 300 kwa mwaka Brocken hufunikwa na ukungu.

Utakachokiona njiani huenda kikakushitua. Tangu ukame wa mwaka 2018 misonobari ya Harz imekauka kwa maelfu ya hekta, ikiliwa na vidudu vya magome. Miti hiyo ilipandwa kwa wingi zamani, ya aina moja, kwa ajili ya mbao na migodi. Sasa chini ya magogo meupe yaliyokufa inaota miti michanga ya aina mbalimbali.

Ukirejea Quedlinburg kabla ya jua kuzama, panda kilima cha Münzenberg, kinachotazamana na kanisa kuu. Hapo palikuwa na nyumba ya watawa. Ilipoachwa baada ya vita vya wakulima vya mwaka 1525, mafukara wasio na kiwanja mjini, wapiga muziki na mafundi wa kuzurura, walijenga vibanda vyao ndani ya kuta zake na juu ya sakafu yake. Hivyo kanisa la zaidi ya miaka elfu moja likagawanyika kuwa ghala za viazi na makaa za majirani mbalimbali. Katika wakati wetu mzee mmoja na mkewe walizinunua ghala hizo moja baada ya nyingine, wakavunja vikuta vya kati, na kanisa likaonekana tena. Unaweza kuingia ukaona nguzo na makaburi, na juu ya dari ukasikia nyayo za mtu anayeandaa chakula cha jioni.