Mji Mkongwe na Hori Lililofukiwa

Ukiuliza maji yatauingilia wapi Mji Mkongwe wa Zanzibar, kila mtu atakuonyesha baharini. Ndiko uliko ukuta wa Mizingani, Forodhani, Ngome Kongwe na kila jengo linalopigwa picha. Mimi ningeanza kutazama nyuma, Darajani.

Anayepita leo katika Barabara ya Benjamin Mkapa, kando ya soko la Darajani, anatembea palipokuwa bahari. Katika karne ya 19 hori liliingia kutoka upande wa Funguni likazunguka nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja. Bamvua likijaa, mtaa wa Shangani na mitaa jirani ilibaki kama kisiwa ndani ya kisiwa, imeunganishwa na Unguja kwa ukanda mwembamba wa ardhi upande wa kusini. Sultani Sayyid Said alipohamishia makao yake hapa, nyumba za wafanyabiashara wa karafuu, pembe na watumwa zilibanana hata jua likakosa njia ya kuingia vichochoroni. Hori likafukiwa kidogo kidogo, kwa taka na udongo, mpaka serikali ya kikoloni ikamalizia kazi hiyo katika karne ya 20. Maji ya chumvi yaliondoka, lakini bonde likabaki bonde.

Mitaro ya mji humwaga maji baharini kwa mteremko tu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hujaa kwenye saa 10 alasiri. Mvua ya masika ikishuka wakati huo, midomo ya mitaro imeshazama na maji hayatoki. Yatatafuta pa chini, na pa chini ni pale pale palipofukiwa. Kwa hilo haihitajiki dhoruba kama ile ya Aprili 1872, iliyong'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani Sayyid Barghash. Mvua ya kawaida inatosha, ikija saa mbaya.

Halafu zipo nyumba zenyewe, na hapa ndipo roho yangu inapoumia. Kuta ni za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mwenye nyumba akipaka saruji ili ukuta upendeze, unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea. Chumvi huchomoza kama unga, lipu hutuna, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza bila mtu kuviona. Ukiugonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole unasikia utupu.

Beit el-Ajaib, jumba la mji huu la mwaka 1883, lilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, matengenezo yakiendelea. Hayakuwa mafuriko. Lakini jengo lililochakaa halisubiri mafuriko, na mjini humo mengine ya aina hiyo bado yanakaliwa na familia.

Kuta za bahari tumezijenga, na zinapendeza jioni. Mitaro nayo inataka milango inayojifunga bahari inapopanda, na maji ya mvua yanataka pa kusubiri mpaka bahari ishuke. Viwanja vya Mnazi Mmoja bado ni wazi. Anayekuja na ramani ya kujenga pale aulizwe kwanza maji ya masika atayapeleka wapi.