Mama Aliyenyang'anywa Mtoto Afanye Nini?

Siku ya soko, wanawake wa Mahoo huja Taveta na mikungu yao ya ndizi. Hapo ndipo zisikiwapo habari zisizoandikwa popote: ya kwamba binti fulani amerudi kwao mikono mitupu, na mtoto wake amezuiliwa na jamaa za baba.

Fikirini, wasomaji, hali ya binti wa namna hiyo. Amegombana na mumewe, akarudi kwa wazazi wake. Baada ya siku chache wakaja shemeji zake, wakamchukua mtoto wa miaka miwili, wakisema wanampeleka kwa nyanya yake, wala hawakumrudisha. Akimfuata, huambiwa kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba kwa kuwa mahari ilitolewa. Mwenzake ambaye hakutolewa mahari huambiwa kwamba hana la kusema kwa kuwa hakuolewa. Hivyo wote wawili hufungiwa mlango, kila mmoja kwa ufunguo wake.

Sheria haisemi hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba katika kila jambo limhusulo mtoto, manufaa yake ndiyo yatangulie. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yafuata msingi huo huo. Basi mahari si bei ya mtoto. Tena, kwa miaka mingi mahakama zetu zimeshika kanuni kwamba mtoto mdogo akae na mamaye, isipokuwa pana sababu ya pekee. Hata ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yachukulia kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka 7 awe na mama yake, mpaka ithibitishwe vingine.

Mama huyo afanye nini? Kwanza, asiende usiku na kaka zake kumpokonya mtoto, kwa maana ugomvi huo waweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Na aende kwa afisa wa watoto, akichukua cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Yaweza pia kupigwa simu 116 bila malipo. Ikiwa mapatano yamekosekana, shauri lipelekwe mahakamani. Na akihofu kwamba mtoto atavushwa kwenda Holili, awaarifu polisi mara moja.

Wazee na chifu waweza kuwapatanisha watu, na ni jambo jema. Lakini Katiba hairuhusu uamuzi wa kimila uvunjao haki za mtu.

Wala mama asidhani kwamba jina la umama pekee latosha. Hakimu atauliza ni nani amlishaye mtoto, amlazaye, na ampelekaye hospitali. Kwa hiyo asikawie. Kila mwezi upitao, mtoto huzoea nyumba nyingine, na hakimu huogopa kumng'oa tena mahali alipokwisha kutulia.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Wakubwa na wagombane wakitaka, lakini mtoto wa miaka miwili hajui mahari ni nini. Ajualo ni kwamba jioni imeingia, na mama hajaja.