Kabla ya Kumpeleka Mzazi Makao ya Wazee: Kagua kwa Macho Yako

Katika familia nyingi za Mai Mahiu, siku ya uamuzi huja bila kubisha hodi. Shosho aliyekuwa akijipikia ameanguka bafuni, au guka amepata kiharusi na upande mmoja wa mwili hauna nguvu tena. Binti anafanya kazi ya zamu katika mashamba ya maua ya Naivasha, kijana yuko barabarani na lori la kwenda Malaba, wajukuu wako shuleni. Jirani amesaidia wiki mbili, naye ana kwake. Hapo ndipo mtu mmoja kwenye kikao cha familia hutamka neno ambalo wengine waliliogopa: makao ya wazee.

Uamuzi huo si laana wala si kumtupa mzazi. Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 57, inasema kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Kwa mujibu wa Katiba hiyo, mzee ni mtu aliyepita umri wa miaka 60, na sensa ya 2019 ilihesabu wazee milioni 2.7 nchini. Wengi wao wanaishi na jamaa zao. Lakini pale familia inaposhindwa, makao mazuri huweza kumrudishia mzee usingizi, chakula cha wakati na watu wa kuzungumza nao.

Hatari iko katika kuchagua kwa haraka. Mzee asiyeweza kutembea, au aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, hawezi kutoka nje kuita msaada. Mwaka 2022 uchunguzi wa BBC Africa Eye, uliorekodiwa kwa kamera zilizofichwa, ulionyesha wazee wakipigwa na kupuuzwa katika makao mamoja katika kaunti jirani ya Kiambu. Lango likiwa limefungwa, hakuna mpita njia anayeweza kuyajua hayo. Kwa hiyo mkaguzi wa kwanza ni wewe, mtoto au jamaa wa mzee.

Jua ni mahali pa aina gani

Kwetu Kenya, watu wakisema "nasingi homu" mara nyingi wanamaanisha hospitali ndogo ya kibinafsi yenye vitanda, ambako akina mama hujifungua na wagonjwa hulazwa kwa siku chache. Makao ya wazee ni kitu kingine: hapo mzee anahamia na kuishi. Baadhi ya makao yana wauguzi na vitanda vya wagonjwa, mengine yana wahudumu wa kuosha na kulisha tu. Uliza waziwazi: "Hapa mnatoa matibabu, au mnatoa malazi na matunzo?"

Mahali panapotoa matibabu lazima pawe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Leseni hiyo hutolewa kwa mwaka mmoja na inapaswa kubandikwa mahali inapoonekana. Soma jina, mwaka na kiwango cha kituo. Leseni ya mwaka jana si leseni. Muuguzi naye husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na ana leseni yake binafsi. Kumwomba akuonyeshe si kumkosea adabu.

Kwa makao yasiyotoa matibabu, anza na ofisi ya maendeleo ya jamii ya Kaunti Ndogo ya Naivasha. Uliza kama wanayajua makao hayo na kama wamewahi kuyatembelea. Kisha uliza makao yenyewe kuhusu leseni ya biashara ya kaunti, ukaguzi wa afisa wa afya ya umma, na vyeti vya afya vya wanaopika na kupakua chakula. Kumbuka kwamba cheti cha kusajili kampuni, kanisa au shirika kinaonyesha tu kwamba kampuni au shirika hilo lipo. Hakisemi lolote kuhusu namna wazee wanavyotunzwa ndani.

Nenda mara mbili

Ziara ya kwanza piga simu, jitambulishe, utembezwe. Ziara ya pili nenda bila taarifa, wakati wa chakula cha mchana au saa kumi na mbili jioni. Siku ya kwanza utaona yale waliyotaka uyaone. Siku ya pili utaona maisha ya kawaida.

Tumia pua yako. Harufu ya mkojo kwa dakika chache asubuhi ni jambo la kawaida mahali penye wagonjwa. Harufu iliyokaa kwenye magodoro na kuta ina maana kwamba watu wanaachwa wakiwa wamelowa. Harufu kali ya dawa ya kusafishia nayo huenda inaficha kitu.

Tazama wazee wenyewe. Kucha zimekatwa? Wamevaa nguo zao, au nguo zimechanganywa? Wana soksi na sweta usiku, maana baridi ya chini ya mteremko wa Bonde la Ufa inajulikana? Mhudumu akipita, mzee anamtazama na kuongea naye, au anainamisha kichwa kwa woga? Sikiliza wanavyoitwa. Mahali ambapo mama wa miaka 80 anaitwa kwa jina lake au "shosho" ni tofauti na mahali anapoitwa "yule wa kitanda cha tatu".

Kaa wakati wa kula. Mzee aliyepata kiharusi hula polepole na huweza kupaliwa. Anayemlisha anapaswa kumketisha wima, kumpa kidogo kidogo na kungoja ameze. Sahani zikikusanywa zikiwa zimejaa, uliza ni nani anayeandika kwamba mzee hakula. Makao yanayojali huwapima wazee uzito kila mwezi na kuandika. Uliza pia maji ya kunywa yanatoka wapi, kwa kuwa visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi.

Ngozi husema ukweli

Kipimo kimoja kinazidi vingine kwa mzee asiyejigeuza: ngozi yake. Mwili ukilalia upande mmoja muda mrefu, damu haifiki sehemu iliyobanwa, nyama inaanza kufa na kidonda kinatokea. Sehemu za kwanza kuumia ni mwisho wa uti wa mgongo, nyonga na visigino. Kidonda hicho huweza kufika mfupa na kuleta maambukizi yanayoua.

Kinga yake inajulikana: mzee wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, hukaushwa anapolowa, hupewa chakula cha kutosha na godoro linalofaa. Uliza: "Ni wazee wangapi hapa wana vidonda vya kulala? Mnawageuza saa ngapi? Naweza kuona mnapoandika?" Jibu la "hatuna shida hiyo" bila daftari halitoshi.

Baada ya mzazi wako kuhamia, omba kumsaidia kumwogesha mara kwa mara, ili umtazame mwili. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tafuta sehemu iliyoiva rangi kuliko ngozi ya jirani, yenye joto, ngumu au laini kupita kawaida. Ukiiona mapema, bado inaponyeka. Tazama pia michubuko ya mikononi na alama za kufungwa kamba.

Uliza kuhusu usiku

Mchana wahudumu huwa wengi. Matatizo mengi huja usiku. Uliza ni wahudumu wangapi wanaobaki zamu ya usiku na kwa wazee wangapi, na kama wanakesha au wanalala. Wahudumu wachache wakizidiwa hushawishika kumnyima mzee maji jioni ili asikojoe usiku. Midomo iliyokauka na mkojo wa rangi nzito ni dalili za hilo. Mzee anayesinzia mchana kutwa naye aulizwe habari zake: anapewa dawa gani, nani aliiandika, na kwa ugonjwa gani?

Uliza vyumba vinapashwa joto na nini. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo huua watu usingizini. Mablanketi ya kutosha ni salama kuliko jiko.

Moto na maji

Angalia milango na madirisha. Chumba chenye vyuma dirishani na kufuli moja ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja ni mtego moto ukizuka. Kuna kizima moto kilichokaguliwa? Kuna mlango wa pili? Bafuni kuna vyuma vya kushikilia na sakafu isiyoteleza?

Hapa kwetu lazima tuulize na la maji. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kushuka Kamuchiri, yakabeba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wenye nguvu walikuwa na dakika chache tu za kukimbia. Asiyeweza kutembea hana hata hizo. Tazama makao yako wapi ukilinganisha na makorongo na mikondo ya maji. Uliza: "Mvua kubwa ikinyesha usiku, nani anambeba nani, na mnaelekea wapi?" Uliza pia ni gari gani litampeleka mgonjwa hospitali ya Naivasha au ya Kijabe usiku wa manane. Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Dawa na pesa

Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari, na dawa ni hivyo hivyo. Kila mzee awe na karatasi yake: jina la dawa, kiasi, saa, na sahihi ya aliyempa. Mwenye presha au kisukari apimwe na matokeo yaandikwe. Hesabu vidonge mwenyewe unapotembelea. Hakikisha mzazi amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#.

Makubaliano yawe kwa maandishi: ada ya mwezi, inachogharamia na kisichogharamia (nepi, dawa, usafiri), na utaratibu wa kumwondoa mzee. Kitambulisho, hati ya shamba na namba ya siri ya simu visiachwe ofisini kwao. Ikiwa mzee anapokea shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, iandikwe ni nani anayezichukua na zinatumikaje. Na deni likitokea, mtu hafanywi dhamana: mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitalini Nairobi kwa kukosa kulipa, iliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao.

Zaidi ya yote, muulize mzee mwenyewe. Kama akili yake inaelewa, aende kuona mahali kabla hajahamia, na neno lake lihesabiwe. Kumwambia "tunaenda kliniki" kisha kumwacha huko ni jeraha ambalo wengi hawaponi.

Endelea kuwa mkaguzi

Ada ikishalipwa, kazi ya familia haijaisha. Gawaneni zamu ili mzee aonekane kila wiki, kwa siku na saa zinazobadilika. Asiyeweza kufika apige simu na aongee na mzee mwenyewe. Mzee mwenye wageni hutunzwa vizuri zaidi, kwa kuwa wahudumu wanajua kuna jicho. Makao yanayokuzuia kuingia, yanayotaka uonane na mzee ofisini tu, au yasiyokuruhusu kubaki naye peke yenu, yamekujibu tayari.

Ukiona ubaya, andika tarehe, saa na ulichokiona, na upige picha ya jeraha kwa ridhaa ya mzee. Zungumza kwanza na msimamizi ikiwa ni jambo dogo kama nguo kupotea au chakula kuchelewa. Ikiwa ni kipigo, njaa au kidonda kilichofichwa, usingoje. Mwondoe mzee, mpeleke hospitali na uombe ripoti ya daktari. Piga ripoti polisi kwa 999 au 112, na umjulishe chifu na afisa wa maendeleo ya jamii. Malalamiko kuhusu kituo cha matibabu hupelekwa KMPDC, na kuhusu muuguzi, Baraza la Wauguzi. Uchafu wa jikoni, vyoo na maji ni kazi ya afisa wa afya ya umma wa kaunti. Huduma ya simu 1195, ya bure, husaidia waliofanyiwa ukatili.

Kata orodha hii na uende nayo

1. Leseni ni ya mwaka huu na imebandikwa?
2. Nimefika mara mbili, mara moja bila taarifa?
3. Wahudumu wa usiku ni wangapi, kwa wazee wangapi?
4. Nimeona daftari la dawa, la uzito na la kugeuza wazee?
5. Wazee ni wakavu, wamekula, na wanaongea bila woga?
6. Kuna njia ya kuwatoa wote moto au mafuriko yakitokea?
7. Makubaliano yameandikwa, na hati za mzee ziko mikononi mwa familia?
8. Naruhusiwa kumtembelea siku na saa yoyote ya kawaida?
9. Mzee mwenyewe amesema nini?

Jibu moja likikosekana, uliza tena. Mawili au matatu yakikosekana, tafuta mahali pengine, hata kama ada ni nafuu na lango limepakwa rangi mpya.