Taa za Nyumbani (4): Wazee wa Glenrothes

Katikati ya Aprili 2022, seva za Insteon, kampuni ya vifaa vya kuamrisha taa za nyumbani ya Irvine, California, zilizimika bila taarifa. Wateja waliozoea kuwasha taa kwa simu walibonyeza, hakikuitika kitu. Swichi za ukutani zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe ziliendelea kufanya kazi, na wenye uzoefu waliwaonya wenzao wasithubutu kufuta mipangilio ya kidhibiti, maana kukiunganisha upya kulihitaji seva ambazo hazikuwepo.

Leo ilikuwa zamu ya vihisi mwendo, lakini habari hii imenirudisha Glenrothes, Uskoti, ulikoanzia ukoo wa vifaa hivi. Pico Electronics walikuwa watu wa chipu za vikokotoo. Mwaka 1975 waliingia kwenye mradi wao wa kumi, ukaitwa X10: kuiamrisha taa kupitia waya zilezile za umeme zilizokwisha kupita ukutani. Hakuna kutindua ukuta.

Umeme wa Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde, na katika kila mzunguko hupita kwenye sifuri mara mbili. Hapo waya hutulia kidogo, na hapo ndipo X10 hupenyeza neno lake, mpigo wa kilohezi 120 unaodumu milisekunde moja. Mpigo ukisikika ni moja, usiposikika ni sifuri, na kila tarakimu hufuatwa na kinyume chake ili mpokeaji asidanganywe na kelele za mashine ya kufulia. Kisha ujumbe wote hurudiwa. Ndiyo maana tangu kubonyeza hadi taa kuwaka hupita karibu sekunde nzima. Vijana watacheka, wacheke tu.

Anwani zilikuwa 256: herufi A hadi P kwa nyumba, namba 1 hadi 16 kwa kifaa, zote zikipangwa kwa bisibisi kwenye vigurudumu viwili usoni mwa kifaa. Mkichangia transfoma na jirani na herufi zenu zikalingana, yeye akibonyeza, taa ya chumbani kwako inawaka usiku wa manane. Aibu, naam, lakini dawa yake ni kuzungusha kigurudumu kimoja, tena bila kumwomba mtu ruhusa.

Insteon walipoingia sokoni mwaka 2005 walifuata njia hiyo ya waya, wakaongeza redio, kila kifaa kikirudia ujumbe wa mwenzake. Kazi safi kabisa! Baadaye ikaja tamaa ya kuipeleka amri ya taa ya jikoni hadi kompyuta ya mbali ndipo irudi jikoni. Huo ni uvivu wa kufikiri, na mnunuzi anayeukubali kwa sababu programu yake inapendeza machoni ana sehemu yake ya lawama.

Basi dukani mwombe muuzaji achomoe waya wa intaneti, kisha awashe taa. Taa ya Philips Hue, iliyotoka mwaka 2012, huwasiliana na kidhibiti chake kwa redio ya Zigbee humohumo ndani, na mtihani huo inaufaulu. Zigbee tutaianza toleo lijalo, pamoja na vihisi mwendo ninavyowadai.