Mshambuliaji Chipukizi na Hesabu ya Shabaha

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka 2008, mjini Melbourne, Australia, maelfu ya watazamaji waliruka uzio na kujaa uwanjani ilhali mchezo ulikuwa haujakwisha. Hawakuwa na ghadhabu yoyote. Kijana wa miaka 21, Lance Franklin wa klabu ya Hawthorn, alikuwa amefunga bao lake la 100 katika msimu huo, na katika kandanda ya Kiaustralia ni desturi ya miaka mingi kwamba bao la namna hiyo husherehekewa pale pale, pamoja na mfungaji mwenyewe. Katika mchezo huohuo Brendan Fevola wa Carlton alikuwa akiwania heshima hiyohiyo, akaishia kwenye mabao 99. Tangu mwaka ule hadi msimu wa 2024 hakuna mchezaji mwingine wa ligi kuu aliyefikisha mabao 100 katika msimu mmoja.

Hata hivyo ubishi juu ya kijana huyo haukukoma. Franklin alimaliza msimu akiwa na mabao 113, lakini pembeni ya mabao hayo kulikuwa na mikwaju mingine 88 iliyomletea pointi moja moja tu. Baadhi ya wapenzi wa mchezo waliona kwamba mshambuliaji anayepoteza mikwaju mingi hivyo hawezi kutegemewa siku ya haja. Wengine waliona kwamba kijana anayepata nafasi 201 za kupiga ni hazina, na kwamba shabaha itakuja pamoja na umri. Ubishi wa aina hii hurudi kila mwaka, kila anapotokea mshambuliaji mrefu, mwenye nguvu na mguu usiotulia. Mara nyingi huendeshwa kwa sauti kubwa na hesabu ndogo, ingawa jambo lenyewe limo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari anayejua tanjiti na asilimia.

Kwanza yafaa mchezo wenyewe uelezwe. Kanuni za kandanda ya Kiaustralia ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Uwanja wake una umbo la yai, na urefu wake ni kati ya mita 135 na 185. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Mpira nao si mviringo kamili bali umechongoka ncha mbili. Kila mwisho wa uwanja husimama milingoti minne isiyo na mwamba wa juu, na nafasi kati ya mlingoti na mlingoti ni mita 6.4. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita katikati ya milingoti miwili mirefu bila kuguswa na mtu, ni bao, nalo lina thamani ya pointi 6. Ukipita katika mojawapo ya nafasi mbili za kando, au ukigonga mlingoti mrefu, ni pointi 1. Ukipita nje ya milingoti yote, hakuna kitu. Mchezaji anayeudaka mpira uliosafiri mita 15 au zaidi kutoka mguu wa mwenzake hupewa mkwaju huru, naye huweza kurudi nyuma, kupumua na kulenga. Mshambuliaji mkuu ni yule mrefu anayekaa karibu na milingoti kwa kazi hiyo: kudaka, kisha kupiga.

Sasa na tuchore pembetatu. Mpigaji yuko mbele ya milingoti, sawasawa na katikati, umbali wa mita 40. Nusu ya upana wa goli ni mita 3.2. Ukigawanya 3.2 kwa 40 unapata 0.08, na pembe ambayo tanjiti yake ni 0.08 ni takriban nyuzi 4.6. Maana yake ni kwamba mpira ukipotoka zaidi ya nyuzi 4.6 kulia au kushoto, bao halipo. Kwa umbali wa mita 20 nafasi hiyo huongezeka hadi nyuzi 9.1 kila upande; kwa mita 50 hupungua hadi nyuzi 3.7. Lakini uwanja ni wa umbo la yai, na wadakaji wengi hudaka mpira upande. Mtu aliyesimama mita 40 kutoka katikati ya goli, lakini kwa mwelekeo wa nyuzi 45 kutoka mbele, huona goli limesinyaa: hubakiwa na nyuzi 3.2 hivi kila upande, sawa na mtu aliye mbele kabisa kwa umbali wa mita 56. Mtazamaji aliyeko jukwaani huona mita 40 na kulalamika, bali mpigaji anaona mwanya mwembamba.

Tuchukue mpigaji wa kufikirika ambaye makosa yake, yakichorwa, hufanya lile umbo la kengele linalojulikana katika takwimu, mkengeuko wake sanifu ukiwa nyuzi 5. Mbele ya goli, kwa mita 30, mtu huyo atafunga mikwaju 78 katika kila 100. Kwa mita 40 atafunga 64, na kwa mita 50 atafunga 54. Kwa mita 40 za upande wa nyuzi 45 atafunga 48 tu. Mguu ni uleule, mtu ni yuleyule, na moyo ni uleule. Hivyo basi, asilimia ya mabao iliyoandikwa gazetini bila kutaja mahali pa kupigia inachanganya vitu viwili visivyofanana: ustadi wa mpigaji na ugumu wa kazi aliyopewa.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwa nini makocha hawachoki kushughulikia mambo yanayoonekana madogo. Mpigaji wetu akipunguza mtawanyiko wake kutoka nyuzi 5 hadi 4, mabao yake ya mita 40 yatapanda kutoka 64 hadi 75 katika kila 100. Uzi mmoja tu! Na uzi huo hupatikana, au hupotea, katika tendo la muda mfupi mno, kwani mguu na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Baada ya hapo hakuna la kusahihisha.

Mkwaju unaotumika zaidi leo ni ule ambao mpira huachwa uanguke wima kutoka mkononi, ukapigwa kabla haujafika chini, kisha ukasafiri huku ukibingirika kinyumenyume, ncha baada ya ncha. Kila aliyecheza pia utotoni anaijua siri yake: kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kubadili mwelekeo wa mhimili wake. Mhimili wa mpira huo hulala kukingama na njia ya mpira, na kwa kuwa ncha hupishana upesi, msukumo wa hewa haupati nafasi ya kuuelemea upande mmoja kwa muda mrefu. Mkwaju wa zamani, ambao mpira huzunguka kama risasi, huweza kwenda mbali zaidi, lakini ukigongwa vibaya kidogo hupotoka vibaya sana. Ndiyo sababu ulipoteza nafasi yake mbele ya goli.

Kosa huanza mkononi kabla ya kufika mguuni. Mpira ukiachwa ukiwa umeinama, mguu utakutana na uso usiotarajiwa. Tena mpira hurithi mwendo wa mwili wa mpigaji. Franklin, anayetumia mguu wa kushoto, alizoea kukimbia kwa njia iliyopinda kama upinde kuelekea kushoto kabla ya kupiga. Anayekimbia kwa mstari ulionyooka ana kosa moja la kuchunga, yaani mwelekeo wa mguu. Anayekimbia kwa upinde huchunga pia wakati, maana mwelekeo wa mwili wake hubadilika katika kila hatua. Wakosoaji waliuona upinde huo kuwa ugonjwa. Lakini upinde ulimpa mguu nafasi ya kujikunjua, na mguu huo ulikuwa ukifunga kutoka umbali ambao wengine hawakuthubutu kujaribu.

Linabaki suala gumu zaidi, nalo ni la uchache wa ushahidi. Chukua chipukizi wa miaka 19 ambaye katika msimu wake wa kwanza amepata mabao 20 na pointi 20 za kando. Watu watasema: huyu ni mtu wa asilimia 50. Je, ni kweli? Mwalimu anaweza kulijibu swali hili darasani kwa sarafu. Wanafunzi 40 warushe sarafu mara 40 kila mmoja, na kila mmoja ahesabu vichwa. Sarafu hazina kipaji wala hofu. Zote ni za asilimia 50. Hata hivyo itaonekana kwamba wanafunzi kama 10 au 11 wamepata vichwa 24 au zaidi, ama 16 au pungufu, yaani asilimia 60 au 40. Kama sarafu hizo zingekuwa washambuliaji, wengine wangesifiwa kuwa na roho ya chuma na wengine wangeshauriwa kutafuta daktari wa akili.

Kwa hesabu, mikwaju 40 iliyogawanyika nusu kwa nusu hutuambia tu kwamba kiwango halisi cha kijana yule kiko mahali fulani kati ya asilimia 35 na 65, na hata hilo si la hakika kamili bali ni la mara 95 katika 100. Ili kuipunguza shaka hiyo kwa nusu, mikwaju haina budi kuongezwa mara nne, iwe 160. Kwa washambuliaji wengi hiyo ni misimu mitatu au minne, na ndani ya muda huo kijana mwenyewe amekwisha kubadilika mwili na mtindo. Idadi ya nafasi anazozipata, kwa upande mwingine, hujionyesha mapema. Kudaka mpira juu ya mabeki wawili, kukimbia mahali penye mwanya, kurudia tena na tena kila wiki: hayo hayatokei kwa bahati kama sarafu. Anayetaka kujua kesho ya chipukizi na ahesabu kwanza ni mara ngapi anapiga, kisha ndipo aulize ni mara ngapi anafunga.

Franklin wa 2008 ni mfano mzuri kwa kuwa mikwaju yake ilikuwa mingi. Mabao 113 katika mikwaju 201 ni asilimia 56, na shaka yake ni asilimia 7 hivi juu au chini. Tony Lockett, mfungaji bora katika historia ya ligi hiyo, alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mabao 1,360 na pointi za kando 590, yaani karibu asilimia 70. Tofauti hiyo haiwezi kusingiziwa bahati. Kama Franklin angekuwa na shabaha ya Lockett, msimu ule angepata mabao 140, na Hawthorn ingeongezewa pointi 135. Zikigawanywa kwa michezo zaidi ya 20 aliyocheza, ni pungufu ya pointi 7 kwa mchezo, kama bao moja hivi. Si kitu cha kudharau, kwani michezo mingi huamuliwa kwa bao moja. Lakini Lockett alikuwa mtu wa karibu na goli, na Franklin alipiga kutoka mbali na kutoka pembeni. Sehemu ya tofauti ni ya mguu, na sehemu ni ya pembetatu ile iliyochorwa hapo juu.

Yafaa pia kutahadhari na tarakimu zenyewe. Mkwaju uliotoka nje ya milingoti yote hauingii kabisa katika hesabu ya mabao na pointi za kando, kwa hiyo mpigaji mbovu kupita kiasi anaweza kuonekana nadhifu kuliko alivyo. Na mtego mkubwa zaidi ulijitokeza katika fainali ya mwaka uleule wa 2008, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Geelong walipata mabao 11 na pointi za kando 23; Hawthorn walipata mabao 18 na pointi za kando 7. Hawthorn wakashinda kwa 115 dhidi ya 89, ingawa Geelong walikuwa na alama 34 ubaoni na wenzao 25 tu. Watu wengi walihitimisha kwamba miguu ya Geelong ilitetemeka. Hesabu ya haraka inaelekea kuwaunga mkono: kama kiwango cha kawaida ni asilimia 55, kupata mabao 11 au pungufu katika mikwaju 34 hakutokei hata mara moja katika 100.

Tatizo ni kwamba haikuwa mikwaju 34. Pointi 11 kati ya zile 23 zilitokana na mabeki wa Hawthorn kuupeleka mpira wenyewe nyuma ya milingoti yao, wakikubali hasara ya pointi moja ili wapate haki ya kuanza upya. Ukiziondoa, Geelong wanabaki na mabao 11 na makosa 12, karibu asilimia 48. Kwa mikwaju 23, tofauti kati ya 48 na 55 ni chini ya mabao mawili, jambo ambalo sarafu yoyote hulifanya bila kutetemeka. Mwaka uliofuata, 2009, kanuni ilibadilishwa: beki anayeupeleka mpira nyuma kwa makusudi bila kusukumwa na mpinzani huadhibiwa kwa mkwaju huru.

Franklin alihamia Sydney mwishoni mwa 2013. Aliongoza kwa mabao katika ligi miaka ya 2008, 2011, 2014 na 2017. Shabaha yake haikufikia ile ya Lockett hata mara moja kwa ujumla wake, na upinde wake wa kushoto hakuuacha. Mwezi wa Machi mwaka 2022, mjini Sydney, alifunga bao lake la 1,000, na watazamaji wakaruka uzio tena. Alipostaafu mwaka 2023 alikuwa na mabao 1,066, wa nne katika historia, nyuma ya Lockett, Gordon Coventry mwenye 1,299, na Jason Dunstall mwenye 1,254.