Dhorasoo: Alisugua benchi Kombe la Dunia, akarudi na filamu

DAKIKA 16. Hizo ndizo alizocheza kiungo Vikash Dhorasoo kwenye Kombe la Dunia 2006 kule Ujerumani, akiwa na Ufaransa iliyofika hadi fainali. Muda uliobaki alisugua benchi, na akirudi hotelini anawasha kamera.

Kamera yenyewe ni Super 8, ile ndogo ya mkononi ambayo watu waliitumia kurekodi harusi na watoto wao miaka ya 1960 na 1970. Mkanda mmoja unaisha ndani ya dakika kama tatu tu. Alipewa na rafiki yake, mwanamuziki Fred Poulet, arekodi safari yake na timu ya taifa.

Usidhani jamaa alibebwa. Mfaransa huyu mwenye asili ya Mauritius alifunga kwenye ushindi wa 4-0 dhidi ya Cyprus Oktoba 2005, mechi ya mwisho ya kufuzu. Aprili 2006 akaipa PSG Kombe la Ufaransa kwa shuti la mbali, Marseille ikalala 2-1. Kocha Raymond Domenech alimjua tangu timu ya vijana. Mtu wa hivyo anapanda basi la timu akijua atacheza.

Dhidi ya Uswisi aliingia mwishoni, 0-0. Korea Kusini, mwishoni tena, 1-1. Baada ya hapo, basi! Togo, Hispania, Brazil, Ureno, Italia, zote alikaa nje. Na hapo ndipo maumivu yalipo: Ufaransa ilikuwa inashinda. Kocha gani atagusa kikosi kinachoshinda? Kila bao la wenzake lilimsogeza mbali zaidi na uwanja.

Kwa hiyo ukiitazama Substitute, filamu iliyotoka 2007, usitegemee kumuona Zidane akiwachezea Wabrazil. Utaona chumba cha hoteli, korido, dirisha, na utasikia sauti ya mtu aliyechoka kusubiri. Picha zina chengachenga. Kwa anayetaka mabao inaboa, tuseme ukweli. Lakini hakuna kamera ya televisheni iliyowahi kunionyesha benchi linavyouma namna ile.

Wapo wanaosema mambo ya kambini yabaki kambini. Hoja ina uzito, maana kambi ikikosa siri wachezaji hawaaminiani. Ila Dhorasoo aliyemwanika zaidi ni yeye mwenyewe, na hakujipamba.

Mechi ya Korea Kusini ikabaki ya 18 na ya mwisho kwake timu ya taifa. Oktoba mwaka huohuo PSG ikavunja mkataba wake baada ya kuvurugana na kocha. Akatua Livorno ya Italia, hakucheza hata mechi moja ya ligi, na 2008 akatundika daluga.